Sumaia na Dirisha Jeusi la Orodha

Kengele ya mwisho ikigongwa tu, Sumaia Bacar alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Hakuwa na subira hata ya kufunga mkoba. Alifika nyumbani mbio, akavua sare, akala wali kwa samaki akiwa amesimama, huku bibi yake akimwambia akae chini kwa sababu chakula hakina miguu ya kukimbilia. Kisha alijitanda mtandio na kutoka mbio tena kuelekea ofisi ya chama cha wavuvi. Ndivyo zilivyokuwa siku zake zote tangu ofisi ile ipate kompyuta.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba mjini Palma. Mwaka ule si yeye peke yake aliyekosa utulivu. Tangu gesi ivumbuliwe baharini, mji mzima ulikuwa juu juu. Magari meupe yalipita asubuhi na jioni. Wageni waliuliza vyumba vya kupanga hadi kwenye mabanda ya kuku. Helikopta ikipita, walimu walinyamaza katikati ya somo na kuisubiri iondoke, na ikishaondoka hakuna aliyekumbuka walikuwa wamefikia wapi.

Wanawake wa mtaa wa Kibaoni walikuwa na hangaiko lao. Sehemu ya pwani walikookota chaza na kome maji yakitoka ilikuwa karibu kufungwa ili pajengwe gati. Waliahidiwa kupewa sehemu nyingine. Lakini wageni wa mradi walitaka kwanza orodha ya kila mwanamke mtu mzima anayeokota pale: jina lake, jina la baba yake na mtaa wake. Wangekuja Jumamosi kuichukua. Majina yangesomwa hadharani, na wale watakaosomwa ndio wangepandishwa gari kwenda kuichagua pwani mpya. Asiyesomwa angebaki, na hakuna aliyeweza kumwambia wageni wale wangerudi lini.

Programu ya kuandikia orodha hiyo ilitungwa na Mwalimu Stélio, kijana kutoka Beira aliyepangiwa kazi Palma na kufundisha kompyuta saa za mchana. Kuchapa fomu ilikuwa kazi ya Dona Lígia, karani wa serikali kutoka Quelimane. Mama huyu alijifunza Kiswahili sokoni, ndiyo maana hata salamu yake ilisikika kana kwamba anaomba kupunguziwa bei. Sumaia alikuwa msaidizi wao, na alijivuna kwa hilo kuliko inavyofaa.

Jumatatu, kabla kazi haijaanza, Mwalimu Stélio alimpa kibodi.

“Ijaribu,” alimwambia. “Andika majina ya kubuni tu. Ukimaliza, uyafute yote.”

Sumaia aliandika majina matatu ya kubuni. La nne akaandika lake mwenyewe: Sumaia Bacar, mtaa wa Kibaoni. Lilikaa vizuri ajabu pale kwenye skrini, limenyooka kama majina ya watu wakubwa. Akayafuta yale matatu. Lake alishindwa kulifuta. Alijiambia ataliacha lilale mle siku moja tu, kisha alitoe.

Jumanne Dona Lígia alianza kuchapa, na matatizo yakaanza naye. Programu ile ilipofunguliwa, yalitokea madirisha mawili kwenye skrini. Moja lilikuwa jeupe, lenye nafasi za kujaza jina na mtaa. Jingine lilikuwa jeusi tii, na ndani yake maandishi madogo meupe yalikuwa yakijiandika yenyewe mstari baada ya mstari.

“Hili nini?” aliuliza Dona Lígia. “Nani ameliita?”

Akabonyeza alama ya kulifunga. Dirisha jeusi likatoweka, na lile jeupe likatoweka nalo pamoja na fomu aliyokuwa akiichapa. Akaifungua programu upya. Baada ya muda akasahau, akalifunga tena. Mpaka saa nane mchana alikuwa amefanya hivyo mara nne, na kila mara sauti yake ilipanda.

“Chega!” alisema mwishowe, akikisukuma kiti nyuma. “Basi! Nimechoka. Professor, ama unaliondoa hilo dude jeusi, ama mimi naandika kwa kalamu.”

Fomu zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Kwa kalamu zisingekwisha kabla ya Jumamosi, na kila mtu mle ofisini alilijua hilo. Mwalimu Stélio alitazama saa. Mchana uleule alitakiwa kuondoka kwenda Olumbi kusimamia mitihani hadi Ijumaa.

“Dirisha lile ni la fundi,” alieleza. “Programu inanisimulia mle inachokifanya. Mtu wa ofisini halihitaji, na kulificha si kazi kubwa. Sumaia, unakumbuka tunavyojenga programu?”

Sumaia alikumbuka. Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba programu huandikwa kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma, kisha hujengwa ili kompyuta iweze kuyatumia. Kuna faili moja la maelekezo ya ujenzi. Humo kompyuta huambiwa kipi kitangulie, kipi kifuate, na mwishoni vipande vyote viunganishwe vipi. Usipoiambia kitu, inajenga programu yenye dirisha jeusi. Ukiongeza neno moja kwenye mstari wa kuunganisha, inajenga programu isiyokuwa nalo.

“Nakuachia laptopu yangu,” alisema Mwalimu. “Lakini sikiliza vizuri. Kabla hujalificha, chapa fomu tano za kweli ukilitazama. Likisema jambo lolote lisiloeleweka, nipigie kwa simu ya Dona Lígia. Usilifiche kabla hatujazungumza.”

“Sawa, Mwalimu,” alijibu Sumaia. Alikuwa tayari ameifungua laptopu.

Jumatano alitoka shuleni mbio kuliko siku zote. Dona Lígia alikuwa ameitwa kwenye mkutano wa utawala, kwa hiyo ofisi ilikuwa yake peke yake. Aliinakili orodha kwa flashi kutoka kompyuta ya ofisi hadi kwenye laptopu, akachukua fomu tano ambazo bado hazijachapwa na kuanza. Ya kwanza ilipita, dirisha jeusi likaandika kwamba imeingia. Ya pili ikapita, ya tatu, ya nne. Alipochapa ya tano, dirisha jeusi likaandika kwa Kireno: *Sumaia Bacar, Kibaoni. Nome repetido. Ficha recusada.* Jina limerudiwa, fomu imekataliwa.

Sumaia aliishika fomu ile kwa mikono miwili. Sumaia Bacar wa kwenye karatasi hakuwa yeye, alikuwa bibi yake.

Kwa watu wa pwani ile jambo hilo si la ajabu, kwa sababu jina la mzee humrudia mjukuu. Bibi alikuwa binti wa mzee Bacar. Alipojifungua mtoto wa kiume, akampa jina la baba yake, Bacar. Bacar huyo alipokua na kupata binti, naye akampa jina la mama yake, Sumaia. Hivyo katika nyumba moja ya mtaa mmoja walikuwamo akina Sumaia Bacar wawili, na hakuna jirani aliyewahi kuwachanganya. Lakini programu haikuwa jirani. Ilidhani Dona Lígia amechapa mtu mmoja mara mbili, ikamtupa yule wa pili, na dirisha jeupe halikuonyesha lolote.

Alijua linalompasa kufanya. Simu ya Dona Lígia ilikuwa pale mezani, mwenyewe alikuwa ameiacha. Lakini Mwalimu angeuliza tu, Sumaia Bacar wa kwanza aliingiaje kwenye orodha? Naye angelazimika kusema kwamba ni yeye, kwamba aliambiwa afute akajibakiza kwa kupenda kujitazama. Angenyang’anywa kibodi. Pengine Rafique ndiye angepewa.

Na kweli, Rafique huyo akatokea mlangoni wakati uleule, akitafuna mhogo. Walikuwa darasa moja, na kazi yake kubwa ilikuwa kumtania Sumaia.

“Fundi mkuu! Mbona umekodoa macho? Linasema nini hilo jeusi?”

“Halisemi kitu,” alisema Sumaia upesi. “Linapiga domo tu.”

Alilifungua faili la ujenzi kabla Rafique hajasogea karibu. Akautafuta mstari wa kuunganisha, akaongeza kistari na neno lile moja aliloelekezwa: -mwindows. Akaamuru kompyuta ijenge. Kompyuta ikajibu papo hapo kwamba hakuna la kujenga, kila kitu ni kipya. Akaifungua programu, na dirisha jeusi likaruka mbele yake kama kawaida.

Rafique alicheka hadi mhogo ukamkwama. “Umelifukuza likarudi na mizigo yake!”

Sumaia aliinamia skrini. Alisoma upya kila mstari. Ndipo alipogundua kwamba kompyuta ilikuwa ikitazama maandishi ya programu tu. Kwa kuwa yale hayakubadilika hata herufi, ilijiona haina sababu ya kujenga tena, ijapokuwa maelekezo ya ujenzi yalikuwa yamebadilika. Akaufuta ujenzi wote wa zamani, akaamuru ijenge kuanzia mwanzo. Safari hii ilichukua muda. Alipoifungua programu, lilitokea dirisha jeupe peke yake.

“Sasa hilo ndilo ulilolitaka,” alisema Rafique, na hata yeye akapiga makofi.

Sumaia hakupiga makofi. Alijipangia moyoni: kesho nitalifuta jina langu, nitaichapa fomu ya bibi, na mambo yatakuwa yamekwisha bila mtu kujua. Akaihamisha programu mpya pamoja na orodha kwa flashi hadi kompyuta ya ofisi.

Dona Lígia aliporudi alichapa fomu mbili, akasubiri dirisha jeusi, halikuja. Alimkumbatia Sumaia akamwinua kutoka chini. “Maravilha! Mtoto una akili wewe!” Akafungua mkoba na kumpa kipande cha keki alichokuwa amekihifadhi kwa ajili yake mwenyewe. Jioni simu ikalia, alikuwa ni Mwalimu Stélio kutoka Olumbi, na Dona Lígia akampa Sumaia azungumze.

“Dirisha lilisema lolote kabla hujalificha?” aliuliza Mwalimu.

“Halikusema kitu, Mwalimu,” alijibu Sumaia. Keki ile ilikuwa bado mkononi, na hakuweza kuimaliza.

Siku ya Alhamisi alifika ofisini akiwa na nia ya kukaa kwenye kompyuta dakika tano tu. Hakuzipata. Dona Lígia alikuwa amenogewa na kazi. Alichapa akiimba, akanywa chai akichapa, hata alipokuja mtu kumsalimu alimjibu bila kuinua macho. Sumaia alisimama nyuma ya kiti chake, akakaa, akasimama tena. Mara tatu aliomba ampokee kidogo.

“Pumzika, mwanangu,” alisema Dona Lígia. “Kazi yako umekwisha kuifanya. Sasa inakwenda kama maji.”

Ilipofika saa kumi na moja fomu zote zilikuwa zimekwisha. Dona Lígia alizima kompyuta, akafunga ofisi na kuutia ufunguo mkobani.

Sumaia alikwenda nyumbani taratibu, jambo ambalo hata mbuzi wa mtaani walilishangaa. Alimkuta bibi uani akiipiga pasi ya mkaa kapulana yake ya maua, kitenge anachokivaa kwa harusi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mke mwenzangu. Leo hukimbii, una nini? Angalia kapulana yangu. Jumamosi wakilisoma jina langu nataka nisimame nionekane.”

“Lakini bibi, wewe miguu inakuuma. Si wangekwenda wengine kuitazama hiyo pwani?”

Bibi aliiweka pasi kando. “Wengine nani? Wale wageni hawajui mwamba wenye chaza na mwamba mtupu. Watatupa matope, watasema tumewapa pwani. Mimi nikikanyaga tu najua. Miaka arobaini nimeokota, mjukuu wangu. Baba yako alisomeshwa kwa chaza. Nisipokwenda mimi kuchagua, tutakula nini?” Akaichukua pasi tena. “Tunakwenda pamoja na Chamima Bacar. Tumekwisha ahidiana.”

“Chamima Bacar yupi?”

“Yule wa kisimani. Si yule muuza mikate, wala yule mkwe wa Fernando. Ingawa nao watakwenda.”

Sumaia alihesabu kwa vidole. Akina Chamima Bacar watatu, wote wa Kibaoni. Programu ilimkubali mmoja na kuwatupa wawili. Na akina Mariamo Rachide, walikuwa wangapi? Akina Zainabo Buanali? Mtaa mzima majina yalikuwa yakirudi, bibi kwa mjukuu, shangazi kwa mpwa. Yeye alikuwa akihangaika na jina la bibi yake peke yake, kumbe Dona Lígia alikuwa ameimba siku nzima huku wanawake wakitupwa nje ya orodha mmoja baada ya mwingine. Dirisha jeusi lilikuwa limesema kila jina. Ila hakukuwa na mtu wa kulisoma, kwa sababu yeye alikuwa amelificha.

Hakuna jina la kufuta kwa siri ambalo lingetengeneza hayo. Aliogopa sana. Alikula chakula kidogo, akalala vibaya, na alfajiri adhana ilimkuta macho.

Ijumaa asubuhi, Dona Lígia alipofika kufungua ofisi, alimkuta Sumaia amekaa kizingitini.

“Dona Lígia, orodha haijatimia,” alisema kabla hata ya salamu. “Kuna watu wamekataliwa. Niliona, nikanyamaza.”

Akaeleza yote: jina lake, fomu ya bibi, maneno ya Kireno, uongo wa kwenye simu. Aliyasema haraka haraka, akiogopa kwamba akipumua atashindwa kuendelea. Dona Lígia alimsikiliza akiwa amesimama na ufunguo mkononi. Kisha alipaza sauti hadi wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu ng’ambo ya barabara wakageuka.

“Meu Deus! Wageni wanakuja kesho! Na mimi nilikupa keki yangu!”

Lakini hakuwa mtu wa kulia juu ya jambo lililokwisha tokea. Aliwasha kompyuta na kutazama: majina yaliyomo yalikuwa mia mbili na themanini na manne. Fomu za karatasi zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Ukitoa jina la Sumaia ambalo halikuwa na fomu, wanawake ishirini na tisa hawakuwamo.

Mwalimu Stélio aliwasili saa tatu kwa gari la mizigo, vumbi kichwani. Dona Lígia alikuwa amempigia simu, na Mkuu wa shule alikuwa amewaruhusu Sumaia na Rafique siku hiyo. Sumaia alisubiri kugombezwa. Mwalimu aliweka mkoba wake chini na kuvuta kiti.

“Tutazungumza kazi ikiisha,” alisema. “Sasa nionyeshe majina.”

Walizitandaza fomu zote sakafuni. Sumaia na Rafique walitambaa kwa magoti wakizipanga, jina na jina lake, hadi ofisi ikakosa pa kukanyaga. Kila lilipopatikana fungu la karatasi mbili au tatu zenye jina moja, Rafique alilipaza kwa sauti na Dona Lígia akalitazama kwenye orodha. Rafique hakutania hata mara moja asubuhi ile.

“Mimi ni mtu wa Beira,” alisema Mwalimu, akikuna kichwa. “Sikujua kwamba hapa mtaa mmoja unaweza kuwa na akina Chamima Bacar watatu. Programu lazima iulize na jina la mama. Tatizo ni kwamba kwenye fomu halimo.”

“Nitakwenda kuuliza,” alisema Sumaia.

“Utakwenda,” alisema Dona Lígia. “Na kila nyumba utasema kwa nini unauliza. Sitaki uwaambie ni mashine.”

Basi Mwalimu akakaa kwenye laptopu kuibadilisha programu, na Sumaia akaingia mtaani na daftari, Rafique akimfuata. Jua lilikuwa kali. Kila mlango alirudia maneno yaleyale, na hayakupata kuwa mepesi: “Shikamoo, mama. Naomba jina la mama yako mzazi. Orodha ilikukataa kwa sababu mna jina moja na mwenzako. Mimi niliona inakataa watu, nikaficha.”

Wengine walimpa jina na kumshukuru kwa kuja. Mmoja alimfokea hadi majirani wakatoka nje. Chamima muuza mikate alishika kiuno na kumtazama toka kichwani hadi miguuni.

“Kwa hiyo kesho ningekaa pale uwanjani nikisubiri jina langu, na jua linanipiga, na jina halipo?”

“Ndiyo, mama.”

“Na ungenitazama tu?”

Sumaia alilia pale pale mlangoni, hakuweza kujizuia. Chamima alimwacha alie kidogo, kisha akamtajia jina la mama yake polepole ili aliandike bila kukosea.

Baada ya sala ya Ijumaa zilibaki nyumba chache, na alasiri ilibaki moja. Aliiacha ya mwisho kwa sababu aliiogopa kuliko zote. Bibi alikuwa ukumbini akichambua mchele. Sumaia alikaa chini mbele yake na kumweleza kila kitu, hata lile la kulitazama jina lake kwenye skrini na kulipenda. Bibi aliendelea kuchambua.

“Jina nilikupa mwenyewe,” alisema mwishowe. “Nafasi yangu pwani sijakupa bado. Siku ya kukupa nitakwambia.”

“Nisamehe, bibi.”

“Nimekusamehe. Mama yangu aliitwa Mariamo. Andika, uende, watu wanakungoja.”

Alipofika ofisini, Mwalimu alikuwa tayari. Programu sasa iliuliza jina la mama. Dirisha jeusi lilibaki limefichwa, ila lilipokuwapo neno la kukataa, liliandikwa kwa herufi nyekundu katikati ya dirisha jeupe, na mtu hakuweza kuendelea mpaka akubali kwamba amelisoma. Sumaia alilifuta jina lake kwanza. Halafu aliyataja yale ishirini na tisa moja baada ya jingine na Dona Lígia akachapa. Kabla jua halijazama, orodha ilikuwa na majina mia tatu na kumi na mbili.

Jumamosi watu walijaa uwanjani mbele ya ofisi. Wageni wa mradi walikaa kwenye viti vya plastiki, na Dona Lígia akasoma kwa ile sauti yake isiyohitaji kipaza sauti. Kila mwanamke aliitikia “Nipo!” na kusimama. Lilipofika jina la Sumaia Bacar, mama yake Mariamo, bibi alisimama na kapulana yake ya maua bila kumshika mtu, na Sumaia akaona kwamba hajawahi kumpenda kama siku ile. Mwishoni Dona Lígia akauliza kama yuko ambaye hakulisikia jina lake. Aliuliza mara mbili. Hakuna aliyeinua mkono.

Wanawake walipokuwa wakielekea kwenye magari, Mwalimu Stélio alimwita Sumaia kando.

“Programu yangu ilikuwa na kosa,” alisema. “Nililifanya mimi, na kosa likionekana mtu analirekebisha, ndiyo kazi yenyewe. Dirisha pia nilikutuma mimi ulifiche, na kwa mikono ulifanya vizuri. Lakini uliona watu wanakataliwa ukaniambia hakuna kitu. Ulitaka kuulinda utukufu wako mdogo, na karibu uwagharimu wanawake ishirini na tisa pwani yao. Ukiona jambo baya, liseme siku hiyo hiyo, hata kama linakuaibisha. Aibu ya Jumatano ingekuwa ya dakika moja. Ya Ijumaa uliibeba mlango kwa mlango.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Wiki mbili hutashika kibodi. Rafique atashika, na wewe utamfundisha.”

Iliuma, lakini Sumaia alikubali bila kubisha. Kisha alikimbia kumsaidia bibi kupanda gari. Bibi alikuwa amekwisha kaa kiti cha mbele, karibu na dereva, akiwahimiza wageni wapunguze mazungumzo, kwa sababu maji yangetoka saa nne na mwamba hauwezi kuonekana maji yakijaa. Gari liliondoka huku akiendelea kuwaelekeza kwa kidole. Sumaia alisimama barabarani akilitazama mpaka vumbi lake likatulia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu moyo wake ulitulia pia.